Folda ya Wambaa

Jumatatu asubuhi Rawya alifungua kompyuta ya ofisi, akakuta folda moja ya barua pepe haipo. Iliyopotea ilikuwa ya Wambaa, kijiji chao cha pwani, yenye barua zote baina ya mjomba wake, Nasor, na wageni waliotaka kujenga hoteli kwenye shamba la ukoo wao. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Muafaka wa vyama vya siasa, na ardhi za pwani ya Pemba zilikuwa zimeanza kuuliziwa.

Aliikuta kwenye kapu la vilivyofutwa, akairudisha. Vidole vyake vikabaki vinanuka kinyesi cha popo.

Adhuhuri ikawa imefutwa tena, na kapuni haimo. Nasor akamwita Jigar, fundi wa kompyuta wa pale mjini Mkoani. Jigar akahangaika nusu saa, akaifukua.

"Hii haijifuti, Bi Rawya," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna mtu anaifuta."

Hajamaliza, droo ya meza aliyotia mkono ikajifunga juu ya vidole vyake. Ikafunguka, ikajibamiza tena, na tena, mpaka vidole viwili vikaning'inia kwa ngozi. Kwenye skrini, folda ilikuwa imeondoka.

"Mjomba, tuiache," Rawya alinong'ona, Jigar alipokwisha kupelekwa hospitali. "Lile pango la popo kule shambani lina wenyewe. Hata babu hakuligusa."

"Wageni wanashuka kesho. Ramani zote zimo mle. Irudishe!"

Rawya akafuata hatua alizomwona Jigar akizifuata. Folda ilipotokea, madirisha yakajifunga kwa kishindo, harufu ya popo ikawajaa kooni, kabati la mafaili likang'oka ukutani likampiga Nasor mgongoni, likamlaza kifudifudi, na kitu kisichoonekana kikamshika nywele kikawa kinampigiza uso sakafuni, huku sauti nzito ikishuka kutoka darini.

"Mkono gani ulioirudisha?"

Rawya akaficha mkono ndani ya buibui. Nasor akamtazama kwa jicho moja lililobaki wazi, akanyoosha mkono wake wa kulia.

"Huu."

Mfupa ulivunjika kwenye kiwiko, kisha juu yake, kisha begani, taratibu, kama mtu anayevunja kuni.

Majirani walimleta Bimkubwa, mganga, na chetezo chake cha uvumba. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mwataka nimtoe huyo mwenye pango nimpeleke wapi? Kwao ni Wambaa. Nyie ndio mliomwingilia. Ifuteni wenyewe, na muape."

Nasor akaapa kwa mdomo uliojaa damu. Rawya akaifuta folda, akamwaga na kapu, kisha akawaandikia wageni mstari mmoja: shamba haliuzwi. Madirisha yakafunguka.

Hospitali waliukata mkono begani. Nasor hakutaka kula kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkewe, Badriya, akawa anamlisha. Nasor hakumwambia mtu mkono ulioirudisha folda ulikuwa wa nani. Rawya ndiye aliyesema, mchana mmoja mbele ya sinia ya wali.

Badriya alipangusa vidole vyake. Kisha akamsogezea sinia.

"Basi njoo," alisema. "Mlishe wewe."