Nyayo za Njia Nyepesi

Mvua iliwakusanya watu wote wa kituo cha mabasi chini ya paa moja. Fundi viatu alikuwa akimwomba mtu aondoe goti lake kwenye sanduku la misumari, ndipo buti moja lilipotua juu ya meza yake.

“Linacheka,” sauti ya mwanamke ikasema.

Fundi akaligeuza. Soli ilikuwa imeachama mbele, na matope yametoka kama ulimi.

“Hili halicheki, bibie. Hili linaomba maji.”

“Basi lipe haraka. Kesho asubuhi nina wageni.”

Fundi akainua macho. Mwanamke alivaa sare ya kijani iliyolowa mabegani, mikono ya shati ameikunja hadi kwenye viwiko, kitambaa cha njano kichwani. Mguu usio na kiatu ameupandisha juu ya mwenzake, amesimama kama korongo.

“Wageni wa wapi?”

“Wa msituni. Natembeza watu kwenye hifadhi, njia nyepesi, ile ya wazee na familia.”

“Kumbe unalipwa kwa kutembea.”

“Na wewe kwa kukaa. Tutafaana.”

Jirani wa fundi, dada anayeuza mabegi, akajifanya anakohoa.

Fundi alikata mpira mpya, akaupaka gundi, akaushona pembeni kwa uzi mnene. Kisha akaomba na buti la pili, akalitia soli kama hiyo, ingawa lilikuwa zima. Kwenye kila kisigino akachora samaki mdogo kwa ncha ya kisu.

“Huyu samaki wa nini?”

“Ukipotea nikutafute.”

“Fundi, msitu ule atakayepotea ni wewe.”

Akacheka, akavaa, akaondoka akiruka madimbwi. Baada ya muda si mrefu alirudi na mkoba usiohitaji kushonwa. Alipoleta mkanda mzima kabisa, dada wa mabegi akasema, “Mdogo wangu, mpe namba ya simu, asije akakuletea meza.”

Wakapendana. Yeye alimwita Fundi hata walipokuwa wawili tu, naye fundi alimwita Kijani, kwa ajili ya ile sare. Jioni walikaa kwenye ngazi za nyuma ya kituo wakila karanga, yeye akimsimulia miti, fundi akimsimulia visigino: nani anatembea kwa pupa, nani ana mguu mmoja mvivu.

“Na mimi?”

“Wewe unakanyagia ukingo wa nje. Kama mtu anayetaka kutoroka.”

“Nikutoroke niende wapi, mpenzi?”

Hilo ndilo fundi alilokuwa akijiuliza. Hakuwa mtu wa kelele. Wivu wake ulikuwa wa kimya, wa kuzunguka mbali kabla ya kuuliza.

“Leo umetembeza nani?” alimuuliza kwenye simu.

“Walimu wastaafu.”

“Wanaume?”

“Wamo. Mmoja ana fimbo.”

“Fimbo haimzuii mtu kuwa na macho.”

“Haya, kesho nitawafunga vitambaa usoni.”

“Na pale kwenye daraja la magogo? Unawashika mikono?”

“Anayetaka kushikwa, namshika.”

“Na wanaotaka ni wengi.”

“Fundi wangu, watu wanaogopa kuanguka majini, hawanitongozi. Sasa nakaribia kwenye miti mikubwa, simu ita—”

Ikakatika, kama ilivyokatika kila siku mahali pale. Fundi aliishika sindano, akajidunga kidole.

Mambo yalikuwa hivyo wakati Kijani alipomwambia kwamba mama yake anataka kumwona. Baba yake alikuwa amefariki, na mjomba wake, kaka wa mama, ndiye angempokea mgeni. “Jumapili mchana,” alisema. “Mama amesema utakaa kwenye kiti cha marehemu. Toka baba atutoke hajaruhusu mtu akikalie. Usinichekeshe huko, maana nitalia.”

Siku moja kabla ya Jumapili hiyo, fundi alifunga kibanda mapema. Alijiambia anakwenda kumshtukiza kwa furaha. Dada wa mabegi alimtazama alivyofunga mlango kwa nguvu, akasema, “Unaenda kuchumbia au kukamata mwizi?”

Askari wa getini alimwambia, “Yuko ndani na wageni. Wafuate tu, njia ni moja.”

Msitu ulimpokea kwa harufu ya majani mabichi na udongo uliolala na mvua. Njia ilikuwa tambarare, pana ya kutosha watu wawili, miti imepakwa alama nyeupe mtu asikosee, na mabenchi yamewekwa kila panapostahili kupumzika. Ndege waliitana juu wasikoonekana. Fundi hakutazama juu. Alikuwa ameshamwona samaki.

Samaki yule alikuwa kwenye matope, wazi kama muhuri. Kando yake ulikuwa unyayo wa kiatu cha mwanamume, kipana, cha ngozi ya bei kubwa. Nyayo hizo mbili zilikwenda sambamba, karibu sana, bega kwa bega. Pembeni kabisa ya njia zilikuwapo nyayo za ndala, lakini ndala ni za yeyote, akazipita.

Alizifuata hadi kwenye bwawa dogo. Mbele ya benchi, samaki alikuwa amegeuka. Ncha za buti zilielekea ncha za kile kiatu cha ngozi, zimegusana, na matope yamedidimia pale, kwa namna ya watu waliosimama hivyo kwa muda. Nyayo za ndala zilikuwa mbali, chini ya mti, zimezipa hizo mgongo.

Mtu mwingine angesubiri, au angeita. Fundi alikuwa amesoma viatu toka ujana wake na havijawahi kumdanganya. Akarudi kwa njia aliyokwenda nayo, akifuta kila samaki kwa mguu wake. Alipofika nyumbani akazima simu.

Jumapili ikapita.

Jumatatu asubuhi, kituo kikiwa kimefurika, Kijani alikuja akiwa na sare yake. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha fundi kuliko matusi.

“Unaumwa?”

“Hapana.”

“Umefiwa?”

“Hapana.”

“Basi niambie nimwambie nini mama. Alivaa nguo ya kutokea tangu asubuhi. Alikifuta kile kiti mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Jioni akakifunika tena.”

“Mwambie nilikuja msituni,” fundi alisema. “Mwambie nilikuona bwawani na mwanamume.”

“Uliniona?”

“Niliona nyayo. Zimesimama ncha kwa ncha. Samaki wangu hana mwenzake mjini hapa.”

Kijani alimtazama hadi fundi akainamisha uso.

“Walikuwa mtu na mkewe. Mama wa watu alikuja na viatu virefu vya harusini, kisigino kikavunjika kabla hatujafika kwenye benchi la kwanza. Nikampa buti zangu. Mimi nikarudi getini mara moja, nikaazima ndala za askari. Walipofika bwawani wakakumbatiana, miaka yote hiyo ya ndoa, nami nikageuka nikatazama ndege ili nisiwatie haya.”

“Zile ndala,” fundi akasema.

“Zile ndala ulizozipita, ndiyo nilikuwa mimi.”

Dada wa mabegi alikuwa ameacha kupanga mabegi yake. Kijani aliketi kwenye stuli ya wateja, akafungua kamba, akaziweka buti mezani.

“Toa hawa samaki. Nilidhani umenipa zawadi, kumbe umenivisha kengele kama ng'ombe. Weka soli isiyo na kitu. Nitazifuata kesho, na usinipigie.”

Akaondoka na raba za kuazima kwa dada wa mabegi.

Fundi alizibandua soli zile peke yake. Visigino vilikuwa vimelika upande wa nje, kama siku zote. Ndipo alipokumbuka kwamba unyayo wa bwawani ulikuwa umekanyaga sawasawa, bapa, pande zote. Alikuwa ameuona. Macho yaliona, wivu ukasoma.

Jioni hiyo alikwenda kwa mama yake Kijani bila kualikwa. Kijani hakuwapo. Mama alimwonyesha stuli karibu na mlango, na fundi akaikalia. Alieleza yote: samaki, matope, ndala. Mjomba alisikiliza akiwa amefunika mdomo kwa kiganja.

“Yaani,” mjomba alisema mwishowe, “umemwonea wivu mke wa mtu kwa mume wake.”

“Ndiyo, mjomba.”

“Nimeishi sana. Hili sijalisikia.”

Mama hakucheka. “Baba yake alikuwa na wivu pia,” alisema. “Lakini alikuwa akiniuliza. Akishajibiwa, analala. Wewe, mwanangu, hukuuliza.”

“Sikuuliza, mama. Nisamehe.”

“Mimi nimekusikia. Wa kukusamehe yuko kazini.”

Kesho yake dada wa mabegi ndiye aliyemkabidhi Kijani buti zake, kwa sababu fundi alikuwa ametangulia msituni. Alikata tiketi kama mgeni yeyote, akasubiri kundi pamoja na wanandoa wazee na dada wawili wenye kofia pana. Kijani alipofika na kumwona, aliwasalimu wote kwa pamoja, akamjumuisha humo humo. Alionyesha mti wa dawa, akaeleza kwa nini kuni hazikatwi, akawapumzisha kwenye mabenchi. Darajani alimpa fundi mkono kama alivyowapa wengine, akauachia walipovuka.

Kwenye bwawa wageni wakatawanyika kupiga picha.

“Ulikwenda kwa mama,” Kijani alisema, macho yake majini.

“Nilikwenda.”

“Mjomba anamsimulia kila anayepita.”

“Ana haki.” Fundi akavuta pumzi. “Kijani, wivu ninao. Sitakudanganya kwamba umeisha jana. Lakini nataka kukuoa, na nataka kuwa mtu anayeuliza.”

“Na simu isiposhika?”

Fundi akatazama kule kwenye miti mikubwa.

“Basi utasubiri,” Kijani akasema. “Nitakapotoka nitakujibu. Hiyo ndiyo kazi ninayokupa, Fundi, na ni ngumu kuliko ya kushona. Ukiiweza, Jumapili uje.”

“Nitakuja.”

“Sijakuomba maneno, nimekuomba kusubiri.”

Mzee mmoja akaita kutoka ng'ambo: mkewe ameteleza kidogo, na yeye mwenyewe anaogopa kushuka. Kijani akamfuata. Yule mzee akamshika mkono, akaubana, akamwambia kitu kilichomchekesha hadi akatupa kichwa nyuma, na wote watatu wakaishia kwenye miti mikubwa.

Kifua cha fundi kikamchoma palepale pa siku zote. Alisimama, akapiga hatua moja kuelekea kule. Kisha akarudi, akaketi kwenye benchi, akasubiri.