Gauni Jeupe la Kwenye Simu

Wateja walimwita Pancha, na mwisho hata majirani wakalisahau jina lake. Kila asubuhi aliweka beseni la maji nje ya mlango wake, akakaa kwenye kigoda na kusubiri baiskeli mbovu. Tangu mkewe afariki, chai ya nyumba hiyo ilikuwa ama imezidi majani, ama imekosa sukari. Yeye na binti yake waliinywa hivyo hivyo.

"Baba," binti yake alimwambia siku moja, "chuo cha uuguzi kinafungua mwezi ujao. Lazima niende na gauni jeupe la kazi. Asiye nalo anarudishwa getini."

"Tulinunue wapi? Soko la nguo si wamelivunja?"

"Wakubwa wa mji wanasema watu wanunue mtandaoni."

Pancha alitema mate pembeni. "Wanasema! Walitaka pa kuegesha magari yao, wakavunja vibanda vya watu. Nani alitufundisha huo mtandao? Walikata utepe, wakapigwa picha, wakaenda kula."

Enzi za uhai wake, mama wa nyumba ndiye aliyewavalisha wote. Alichambua rundo la nguo sokoni, akalitanua gauni kwa mikono, na likija nyumbani linakukaa. Pancha hakujua hata saizi ya shati lake mwenyewe.

Lakini binti asirudishwe getini. Pancha akashika simu. Akaona picha ya msichana anacheka ndani ya gauni jeupe. Bei ilikuwa ya kutupa.

Muuzaji aliandika, "Saizi gani?"

"Ya msichana wa kawaida," Pancha akajibu.

"Tuma pesa sasa hivi, mzee, zimebaki chache."

Pancha akatuma.

Kifurushi kilipokuja, binti aliingia chumbani kujaribu gauni. Akatoka mkono mmoja umekwama.

"Baba, hili ni la mtoto. Na jinsi lilivyo jepesi, linaonyesha mpaka ninachofikiria."

Pancha alipiga simu. Haikupatikana. Akaenda kituo cha polisi. Askari alikuwa anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti.

"Mzee, pesa si ulituma mwenyewe? Sasa niandike umeibiwa, au niandike umetoa zawadi?"

Wenzake wakacheka. Pancha akarudi nyumbani akitembea kama mtu aliyevuliwa nguo barabarani.

Jirani yake, Mama Vifungo, alimwona. Alikuwa fundi cherehani na rafiki wa marehemu. Soko lilipovunjwa, alihamishia cherehani yake barazani.

"Shemeji, mbona uso kama tairi lililopasuka?"

"Niache, shemeji. Nimeliwa."

Alipomsimulia, mama yule hakumcheka.

"Nikuulize. Mteja akikuonyesha tairi, akakwambia tundu liko hapa, unaziba tu?"

"Aka! Naingiza mpira majini kwanza. Nione mapovu yanatokea wapi."

"Sasa huyu wa kwenye simu mbona hukumwingiza majini?"

Pancha akalitazama beseni lake.

"Picha nzuri haitoshi," Mama Vifungo akaendelea. "Mtu anaweza kuiiba popote. Tafuta picha za wanunuzi waliovaa nguo ile, na usome wanalalamika nini. Usimtumie pesa mtu usiyemjua. Tafuta duka unalolilipa nguo ikiwa mkononi, na linalokubali kuirudisha. Na yule mwizi, usifute ujumbe wake hata mmoja. Ushitaki ukurasa wake palepale mtandaoni, asije akamla mwingine."

"Na saizi?"

"Hizo herufi za saizi usiziamini. Saizi ya kati ya duka hili ni ndogo ya duka lile. Sentimita ndizo hazibadiliki. Lete gauni la mtoto linalomkaa vizuri, tulipime."

Pancha alimtazama binti yake aliyesimama mlangoni. Binti alitazama chini. Tangu msiba, hakuna aliyemnunulia nguo. Zote zilikuwa zimembana.

"Lipo moja," binti akasema kwa sauti ndogo.

Akaingia chumbani kwa baba yake, akarudi na gauni la bluu la mama yake. Pancha alikuwa amelifungia sandukuni. Hakutaka liguswe.

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna, baba. Ufunguo najua unapouficha. Huwa nalivaa ukienda kununua gundi."

"Lirudishe!"

"Shemeji," Mama Vifungo akasema, "tulimzika mama yake, hatukumzika mtoto. Huyu ana gauni moja tu linalomkaa, na umelifungia. Unataka arudishwe getini?"

Pancha alikaa kwenye kigoda chake. Mwishowe akapiga beseni teke, maji yakamwagika.

"Pimeni," akasema.

Mama Vifungo alilitandaza gauni mezani, akalinyoosha makunyanzi. Akapima kwa futi kamba kutoka kwapa hadi kwapa. Akapima bega hadi bega, kisha mkono, kisha urefu. "Muuguzi huinua mikono na kuinama," akasema. "Kifuani tuongeze kidogo. Na tuulize kitambaa. Cha pamba kikiwa kizito hakionyeshi ndani."

Pancha aliuza redio yake apate pesa nyingine. Sauti za wakubwa zilikuwa zimemchosha hata hivyo.

Safari hii walikaa watatu juu ya simu moja. Pancha akamwandikia muuzaji mmoja mpya, "Weka futi kamba juu ya gauni, upige picha, unitumie."

Jibu likaja, "Mzee, unanunua au unapeleleza? Tuma pesa, zimebaki chache."

"Mapovu hayo," Pancha akasema. Mama Vifungo akacheka hadi akashika kiuno.

Muuzaji wa pili alituma picha. Futi kamba ilionekana vizuri, na vipimo vilikuwa vile walivyotaka. Wanunuzi wake walikuwa wameweka picha zao, na mmoja alilalamika kifungo kililegea. Nguo isiyofaa alikubali irudishwe. Malipo yalikuwa mlangoni. Wakaagiza.

Mleta mizigo alifika na pikipiki inanguruma.

"Mzee, fanya upesi, nina haraka."

"Na mimi nilikuwa na haraka juzi. Zima pikipiki."

Pancha alifungua kifurushi mbele yake. Akalilaza gauni jeupe juu ya lile la bluu. Mabega yakalingana. Akaliinua kwenye jua, akavuta mishono, akahesabu vifungo. Ndipo akalipa.

Binti alilivaa, akasimama mlangoni.

"Limenikaa, baba?"

Pancha aliona mabega ya mkewe. Mabega yale yale aliyoyaegemeza ukutani hospitalini, siku waliyokaa kwenye benchi kusubiri muuguzi. Wodi nzima ilikuwa na muuguzi mmoja. Hakuwafikia. Wakubwa walisema hakuna fungu, na wiki hiyo hiyo wakazindua maegesho.

"Limekukaa," alisema. "Ukimkuta mtu kwenye benchi, usimpite."

"Simpiti, baba."

Siku ya kufungua chuo alimsindikiza. Mlinzi alimtazama binti toka kola hadi upindo, akafungua geti. Pancha alibaki nje, akilitazama gauni jeupe hadi likachanganyika na mengine.

Nyumbani sanduku lilikuwa tupu. Gauni la bluu alimpa binti aende nalo. Kufuli alilitupa kwenye kopo la misumari.

Alikuwa anajaza maji kwenye beseni pale mchoma mahindi wa jirani alipokuja mbio na simu.

"Pancha, hebu ona viatu! Anasema nitume pesa sasa hivi, zimebaki jozi chache!"

"Kaa chini," Pancha akasema, akifuta mikono kwenye suruali. "Pesa ibaki mfukoni. Hao waliotuvunjia soko hawatakuja kukufundisha, kwa hiyo utafundishwa na mimi."