Karatasi Aliyoila Mwongera

"Umekula nini? Sema tena nisikie."

"Karatasi yako," Mwongera alisema. "Nilitafuna nikameza."

Rahema aliliweka beseni la mandazi chini kwa kishindo. Walikuwa nyuma ya bucha ya baba yake, mjini Meru, na kuku wawili walitimua mbio.

"Siku tatu naandika! Nimekaa kwa shangazi yangu Nairobi miaka sita, najua kila jiko safi na kila jiko chafu. Nakuandikia hoteli zote nzuri, uende chuoni ukale kama mtu, wewe unakula karatasi!"

"Nisikilize basi. Leo asubuhi nikitoka Kibirichia, askari homugadi wamesimamisha basi, wanapekua mifuko. Na wewe uliandika nini? 'Ijumaa saa saba, kwa Kasim, gonga mlango wa nyuma, sema umetumwa na Rahema.' Wangeisomaje hiyo?"

Kasim alikuwa mpishi wa pilau, mzee asiye na jino mbele. Lakini miaka ile ya Hali ya Hatari, watu walikuwa wamefungwa kwa maneno machache kuliko hayo.

"Ungewaambia ni pilau."

"Mmeru mwenye pasi ya kuingia Nairobi, mfukoni ana majina, saa na milango ya nyuma. Niseme ni pilau?"

Walikutana mwaka uliopita kwenye foleni ya pasi, watu mia wakisukumana juani, Rahema akipita katikati yao na beseni kichwani. Mwongera alinunua mandazi manane huku akisema hana njaa. Leo alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi ya makaa hata kola ikasimama wima, na suruali ya kaki iliyomzidi kiunoni. Basi la Nairobi lilikuwa linaondoka saa saba. Pasi yake ilikuwa ya kusafiri siku hiyo tu.

Rahema alivuta leso yake ya manjano begani. "Na upande wa nyuma? Ulisoma?"

"Uliniambia nisigeuze mpaka nifike."

"Hukuchungulia hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Machozi yalimlenga. Mwezi mzima Mwongera alikuwa akimwuliza kama atakubali aposwe, naye akaahidi kumjibu kwa maandishi. "Mtu mwenye hamu angechungulia, Mwongera. Wewe hukuwa na haja ya jibu."

"Nilitaka ujue ukiniambia neno nalishika! Usiku sikulala, nimeilalia chini ya mto."

"Maneno. Hata hoteli huzijui."

"Niulize."

"Haya, taja."

Mwongera alisimama kama yuko mbele ya mwalimu. "Maharagwe ya nazi, kwa shangazi Mwanakombo, Pumwani, kabla ya saa mbili, maana baadaye anaongeza maji. Ijumaa, pilau kwa Kasim. Bajia kwa Mhindi wa River Road, chatne ya kijani, si nyekundu, nyekundu ni ya juzi. Na yule wa samaki karibu na stendi, nisiingie hata akiniita baba."

Rahema alicheka kabla hajajizuia. "Na ya nyuma, tumbo halijakuambia?"

"Limesema ina ladha ya penseli tu. Niambie, mpenzi."

"Niliandika ndiyo." Aliinamisha uso, kisha akauinua haraka. "Lakini niliandika pia, usitume wazee na pombe. Njoo kwa baba mwenyewe kwanza."

Mwongera alishika kichwa. "Wazee wanakuja Jumamosi. Mjomba Kithinji amenunua asali, kesho anaichachusha iwe pombe. Alisema desturi ni desturi, baba yako si lazima anywe."

"Mtungi wa pombe kwenye mlango wa Mwislamu! Baba atawafukuza, na hatanisikiliza tena. Na wewe utakuwa Nairobi unakula bajia!"

Honi ya basi ililia kutoka stendi.

"Asali yenyewe," Mwongera aliuliza, "kabla haijachachushwa, baba yako anakula?"

"Kila asubuhi, na chapati."

"Basi waje na asali. Mtumie mjomba salamu kwa basi la Kibirichia la saa tisa. Mwambie asiichachushe."

"Na dini? Mama yako atalia."

"Wako je?"

"Atalia pia."

"Watalia pamoja. Watajuana."

Honi ililia mara ya pili. "Nenda, utaachwa," Rahema alisema, akimsukuma kwa viganja viwili. "Baba utamwona likizo."

"Likizo ni baada ya miezi mitatu. Jumamosi ni keshokutwa."

Alichomeka shati vizuri, akapangusa viatu nyuma ya suruali, akazunguka mbele ya bucha. Mzee Omar alikuwa anapasua mbavu za ng'ombe kwa shoka gogoni. Aliangalia kola ya kijana, kisha uso, halafu binti yake aliyesimama mlangoni na leso mdomoni.

"Kilo ngapi?"

"Shikamoo, Mzee Omar. Naomba uweke shoka chini kidogo," Mwongera alisema. "Sikuja kununua nyama."