Kanyaga, Achia

Jumamosi hiyo ilianza vizuri. Maji yalikuwa yamefunguliwa tangu alfajiri, na akina mama wa mtaa wetu wa Jericho walikuwa wakifua mbele ya nyumba zao huku redio ikiimba sifa. Norah, jirani yetu wa mlango wa pili, alijifunga leso juu ya gauni la kazi, akafungua boneti ya Toyota ya marehemu mumewe, akasali kidogo, kisha akatafuta spana namba kumi.

Mumewe, Odera, alikuwa na mwezi mmoja kaburini. Gari lile alilinunua likiwa kuukuu kwa ajili ya binti yao Winny, anayetembea kwa magongo, ili afike shuleni, na baadaye chuoni, bila kubebwa mgongoni. Sasa kebo ya mafuta ilikuwa imelegea, ule waya unaotoka kwenye pedali hadi kabureta. Ukikanyaga, pedali inazama bure na injini inachelewa kuitika.

Shemeji yake Norah, Sylvance, ndugu wa marehemu, aliketi kwenye ngazi akinywa chai. Alikuwa amekuja kulichukua gari.

"Mama Winny, hiyo gari imekataa," alisema. "Mganga alituambia wazi. Mke akishika usukani wa marehemu, kitu kinakuja kukaa naye. Wacha niipeleke nyumbani ikapumzike."

"Ikapumzike ama ikubebe wewe sokoni?" Norah alimjibu bila kugeuka. "Kunywa chai, shemeji. Kesho Winny anaenda kanisani na hii gari. Jumatatu, chuoni."

"Haya. Isipotembea leo, jioni naifunga kamba naivuta."

Kurekebisha kebo ni kazi ya watu wawili. Miaka kumi na tisa waliifanya hivyo, Norah ndani na mguu kwenye pedali, Odera kwenye boneti akiangalia kama kijilango cha kabureta kinafunguka chote. Odera alikuwa akisema, "Kanyaga." Kisha, "Achia." Norah aliyajua maneno hayo kama ajuavyo Baba Yetu.

Alilegeza nati mbili, akavuta ganda la kebo nyuma kidogo, akakaza. Mazoea yana taabu. Mdomo ukasema wenyewe:

"Kanyaga."

Kebo ikavutika. Kijilango kikafunguka chote.

Norah alitega sikio. Magongo ya Winny yalisikika jikoni. Sylvance alikuwa bado ngazini, kikombe mkononi.

"Achia," alinong'ona.

Kikajifunga. Polepole, kama kwa mguu wa mtu aliyeizoea kazi.

Tusimlaumu kwa kuwa moyo wake uliruka kwa furaha kwanza. Mwezi mzima alikuwa akilalia upande mmoja tu wa kitanda.

"Odera? Kanyaga tena."

Kikafunguka.

"Achia."

Hakikujifunga.

"Achia, nimesema."

Kebo ilikazana hadi ikalia kama uzi wa kinubi cha nyatiti. Norah akainama, akachungulia katika upenyo kati ya boneti na kioo. Kiti kilikuwa kitupu. Akazunguka hadi mlangoni; pedali ilikuwa imelala sakafuni.

Sylvance alikuwa amefika nyuma yake. "Si nilikuambia?" alinong'ona. "Nipe funguo."

Norah alifuta grisi kwenye leso. Aliyafikiria magongo yale katika matope ya Jumatatu. Akavua viatu, akaingia garini, akafunga mlango.

Akashusha mguu wa kulia, mtupu, kwenye giza la chini ya usukani. Aligusa mpira wa pedali. Kisha kitu kikatua juu ya mguu wake.

Mguu.

Baridi. Mzito. Ukamkandamiza.

Hakuuondoa wake.

"Mume wangu alilala katika Bwana," alisema polepole. "Hatumwi na mtu. Wewe sikujui. Kwa jina la Yesu, ondoka. Ukikataa, basi kaa hivyo hivyo, lakini gari hili litatembea."

Akawasha. Injini ilipiga mayowe mpaka akina mama wakaacha kufua. Moshi ulijaa ua. Norah alianza kuimba wimbo wa kanisani, ubeti wa kwanza, wa pili. Mguu wake ulikufa ganzi. Alipofika ubeti wa tatu, uzito ukanyanyuka. Injini ikashuka, ikanguruma taratibu.

Alikanyaga. Injini ikaitika papo hapo.

"Winny! Njoo tuzunguke esteti!"

Waliporudi, ngazini kulikuwa na kikombe tu. Sylvance alikuwa ameondoka bila kuaga, na gari hajaliulizia tena.

Jioni Norah aliloweka miguu kwenye karai. Juu ya mguu wa kulia palikuwa na alama nyeusi ya unyayo, vidole vitano na kisigino. Sabuni haikuitoa. Jiwe la kusugulia halikuitoa. Winny, aliyekwisha kusimuliwa yote, aliinama akaitazama sana.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hivi vidole vimekuelekea wewe. Hakuwa amekaa kwenye kiti. Alikuwa amesimama mbele yako."

Norah aliukausha mguu, akaugeuza kwenye mwanga.

"Basi aliniona vizuri," alisema. "Nitolee viatu vya kanisani. Vile vya wazi."