Tangi Lililoitwa Tupu

Mkonga ulishuka taratibu kutoka darini, ukakunjua vidole vyake sita vya chuma, ukalipapasa lori la tangi ubavuni kama daktari anayepapasa tumbo la mgonjwa. Kwanza ulitafuta mahali pa kubana waya wa ardhi, ili umeme unaojikusanya tangini wakati wa safari upate pa kwenda bila kutoa cheche. Kisha ulisukuma kabari nne chini ya magurudumu. Kisha ukasubiri. Kwa dakika kumi nzima haukufanya lolote, maana taka za maji zilizotikiswa njiani zinataka kutulia kabla ya kuguswa, na mashine haichoki kusubiri.

Dakika kumi zilipokwisha, kutoka kwenye ncha ya Mkonga kilichomoza kinusi, pua ya kioo isiyozidi kidole gumba. Kilipenya chini ya mfuniko, kikavuta hewa kidogo, na papo hapo bamba-hai lililobandikwa ubavuni mwa lori likawaka maandishi mekundu: SALFAIDI, MAJI YA VIWANDA VYA NGOZI. Hapo ndipo Mkonga ulipochukua mpira wa bomba la saba, ukaufunga kwenye koki ya tangi, ukaanza kunyonya.

"Kwa nini la saba?" aliuliza Mama Nyamizi, mgeni aliyetoka wizarani, akiwa amesimama nyuma ya kioo kinene pamoja na wenzake.

"Kwa sababu la nne ni la tindikali, Mama," alijibu Sikudhani Sempombe. "Salfaidi ikikutana na tindikali hutoa hewa inayoua mtu kabla hajamaliza kukohoa. Ndiyo maana tumeyatenganisha kwa mita mia mbili."

"Na watu wako wapi?"

"Hakuna mtu ndani ya uwanja. Mtu wa karibu kabisa na lori lile ni wewe."

Wageni walicheka, wakapiga picha. Huo ulikuwa mwaka 2091, na Kituo cha Kwemvumo kilipokea malori sitini kwa siku kutoka kila pembe ya nchi. Kwa miaka minne hapakuwa na ajali hata moja, na nchi nyingine zilikuwa zinatuma watu kuja kujifunza. Sikudhani ndiye aliyeubuni Mkonga. Hakusoma chuo kikuu. Alianza hapohapo Kwemvumo akivuta mipira kwa mikono, miaka minane, na mambo ya umeme na hesabu aliyasoma mwenyewe katika vitabu vya kuazima, ukurasa kwa ukurasa, hataki kufunua unaofuata mpaka ameuelewa uliopo. Hata sasa alikuwa anayanakili kwenye daftari majina ya mizigo yote ya siku, ingawa Mratibu, ubongo-mashine wa kituo, uliyajua yote.

Mkonga ulifungua mpira, ukavuta kabari. Maandishi mekundu yakazimika, yakaja ya kijani: TUPU. Wageni wakaenda kula.

Mlangoni Sikudhani alimkuta Chande, msindikizaji wa lori lile. Malori yalijiendesha yenyewe, lakini sheria ilitaka kila moja liwe na binadamu ndani yake barabarani; wakati wa kushusha alisubiri nje.

"Dada Sikudhani, hili langu linakwenda kwa Mzee Shedafa sasa hivi. Una salamu?"

"Shedafa gani?"

"Kwani wako wangapi? Aliyekufundisha kufunga mpira."

"Shedafa alistaafu mwaka tulioleta Mkonga."

"Amestaafu kuja hapa ndani. Kazi hajastaafu. Yuko kule nyuma ya mlima wa kokoto, anaosha matangi."

"Matangi yanaoshwa na mashine. Mkataba umeandikwa hivyo."

"Basi hiyo mashine ina ndevu nyeupe, dada yangu. Panda ukaione."

Sikudhani hakuwa mtu wa kuamini neno kabla ya kuliona. Alitia kinusi cha mkono mfukoni, akapanda.

Uwanja wa kuoshea ulikuwa kilomita tatu tu nje ya uzio. Hapakuwa na jengo, palikuwa na turubai na mtaro uliochimbwa kwa jembe. Malori manne yalisimama mifuniko wazi. Wanaume sita walikuwa wanahangaika na ndoo, sepeto na kamba, na kando yao pipa la bluu lenye pampu ya mkono. Sikudhani alilijua pipa la namna ile bila kusoma karatasi yake. Ilikuwa tindikali.

"Shikamoo, Mzee."

Mzee Shedafa aligeuka. Alikuwa amekonda, na kamba imezungushwa kiunoni mwake mara mbili. "Marahaba. Haya, jamani, tandikeni mkeka, mkubwa wa mashine kaja kwa miguu yake."

"Nimekuja kwa lori, Mzee."

"Afadhali. Tungekunawisha kwa maji gani?"

Wenzake walicheka. Mmoja wao, Hoza, alikuwa tayari amepanda juu ya lori la Chande na kufungua mfuniko. Shedafa alipanda akamfuata, akainama, akavuta pumzi ndefu.

"Safi hili. Halinuki chochote. Hoza, lete pampu, tutie dawa ilainishe ukoko, halafu niingie."

"Mzee, shuka," alisema Sikudhani.

"Nini?"

"Shuka. Na wewe Hoza, iache pampu hapo ilipo. Shukeni upande huu upepo unakotoka."

Hakupaza sauti, lakini walishuka. Alikitoa kinusi, akakiinua kwenye ncha ya ufagio hadi mdomoni mwa tangi. Kikawaka chekundu, kikaanza kulia.

"Mzee, hukusikia harufu yoyote?"

"Hakuna."

"Hoza?"

"Hakuna, dada."

"Mie nimesikia mayai viza tangu tulipokata kona," alisema Chande.

Sikudhani alijua maana yake, na Shedafa ndiye aliyemfundisha, zamani hizo. Hewa ya salfaidi huanza kwa kuua pua. Anayeisikia bado ana nafasi ya kukimbia. Asiyeisikia, ama haipo, ama yeye amekwisha kuizoea. Watu hawa walikuwa wanapima matangi kwa pua zilizokufa.

"Humo bado mna salfaidi," alisema. "Mngetia tindikali, tungekuwa tunazungumza mambo mengine sasa hivi."

"Bamba limeandika tupu," alisema Hoza.

"Siku zote linaandika tupu," Shedafa alisema. "Siku ya Mdoe liliandika tupu. Tulitia dawa, Mdoe akaingia. Hakuitika. Kihiyo akaingia kumtoa, naye hakuitika. Mimi nilishika kamba zote mbili." Alisema kwa sauti ileile ya kuagiza pampu. "Mwaka jana, mwezi wa tano."

Sikudhani aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alitaka kumkasirikia mtu, lakini kila alikogeuka alijikuta mwenyewe amesimama hapo. Zamani, walipokuwa wanashusha kwa mikono, waliweka mbao mbili chini ya magurudumu ya mbele ili lori linyanyue pua na tope lote literemkie kwenye koki ya nyuma. Mtu mmoja alichuchumaa pale akihesabu matone. Yakipungua chini ya kumi kwa dakika, ndipo anafunga. Kazi hiyo ilikula dakika arobaini. Mkonga haukuweza kunyonya tope zito, kwa hiyo yeye, Sikudhani, aliandika katika maagizo ya Mratibu kwamba tangi lililobakiwa na chini ya asilimia moja lihesabiwe tupu. Asilimia moja ya lita elfu thelathini ni lita mia tatu. Na kwa kuwa tangi tupu halina mzigo, aliandika pia kwamba jina la mzigo lifutwe, lisije likachanganywa na la mzigo utakaofuata. Aliliona jambo la nadhifu. Alikumbuka hata kwamba siku ile alijipongeza kwa chai.

"Mbona hamkuja kuniambia?"

"Tulikuja," alijibu Shedafa. "Langoni tukaambiwa kituo hakina watu, kina mashine, tuandike barua."

"Mkaandika?"

"Mara tatu. Tukajibiwa vizuri sana. Asanteni kwa kuwasiliana nasi, maoni yenu ni muhimu." Hoza akacheka peke yake.

"Nitapafunga mahali hapa leo," alisema Sikudhani.

Shedafa alifungua kamba kiunoni polepole. "Ukipafunga, Jumatatu watatupeleka pengine, porini zaidi, na wewe hutapajua. Na tope hili litaondolewa na nani? Mkonga wako haulitaki. Mimi nimeshika uchafu wa nchi hii miaka thelathini na tano, siuogopi. Ila nilikuwa naujua jina. Nikiambiwa hii ni tindikali, najua namna ya kuishika. Nikiambiwa hii ni salfaidi, najua. Sasa naingia kwenye giza, naambiwa hamna kitu. Mwanangu, rudisha majina. Mengine tutayasema baadaye."

Sikudhani alimwomba asiruhusu mtu kugusa lori lolote hadi apate habari yake, kisha akarudi kituoni na Chande.

Chumba cha uongozi kilikuwa baridi, kinanukia maua. Bwana Rweyongeza, meneja, alikuwa ametoka kwa wageni kuja kuchukua zawadi zao. Sikudhani hakumsalimu. Alisimama mbele ya Mratibu.

"Lori la thelathini na moja limetoka na lita ngapi?"

"Lita mia mbili na kumi na mbili," ulijibu Mratibu.

"Za nini?"

"Salfaidi."

"Malori yote unayajua hivyo?"

"Yote, tangu siku ya kwanza."

"Kwa nini hukusema?"

"Maagizo yanasema chini ya asilimia moja ni tupu. Sikuulizwa zaidi."

Sauti yake ilikuwa tulivu, sauti aliyoichagua Sikudhani mwenyewe. Akamgeukia meneja. "Barua tatu zilikuja hapa."

"Niliziona," alisema Rweyongeza. Alikuwa mtu wa adabu, na alifunga mlango kabla ya kuendelea. "Ule uwanja ni wa mkandarasi. Uko nje ya uzio. Sisi tunawajibika kwa yanayotokea ndani, na ndani hapajatokea kitu. Wewe ndiye uliyeifanya rekodi ile."

"Watu wawili wamekufa."

"Nje."

"Kwa taka zetu."

"Kwa kukosa mafunzo. Dada Sikudhani, nakuheshimu. Usiiharibu kazi yako kwa mikono yako."

Sikudhani aliketi kwenye kiti chake, akafungua maagizo, akaanza kuandika upya: jina la mzigo lisifutwe mpaka tangi limeoshwa, na lita zilizobaki zionekane kwenye bamba. Alikuwa amefika mstari wa tatu kioo kilipozimika mbele yake. Aligeuka. Rweyongeza alikuwa na kidole juu ya kifunguo chake cha umeneja.

"Ufunguo wako umesimamishwa hadi wageni waondoke," alisema. "Tutazungumza kesho."

Mlango ukafunguliwa. Mama Nyamizi alikuwa amesimama hapo na kikombe mkononi. Alikuwa amesikia, au sehemu yake. Sikudhani alimweleza kila kitu kwa mpangilio, tangu asilimia moja hadi kamba mbili mikononi mwa mzee mmoja. Mama Nyamizi alisikiliza vizuri, akaandika majina, Mdoe na Kihiyo, akauliza yanavyoendelezwa.

"Hili ni zito," alisema. "Nitalipeleka kwenye kikao."

"Kikao ni lini, Mama?"

"Baada ya miezi miwili."

"Leo yamebaki malori ishirini na tisa."

Mama Nyamizi aliweka kikombe chake mezani. Rweyongeza akamwambia kwamba gari liko tayari.

Sikudhani aliwapita. Alishuka ghalani, akachukua kopo la rangi nyeupe ya kuchorea mistari ya barabara na brashi pana kuliko zote, akalifungua daftari lake kwenye mizigo ya siku ile. Kisha akaenda kusimama barabarani, hatua kumi nje ya lango la kutokea, mahali ambapo si ndani ya uzio.

Lori la thelathini na mbili lilitoka likiwaka kijani. Lilipomwona mtu mbele yake lilisimama lenyewe, kwa maana mashine zile zilifundishwa kutomgonga mtu. Alilifuata ubavuni, akaandika juu ya bamba-hai, akiifunika ile rangi ya kijani: SIANIDI. IMO BADO. USITIE TINDIKALI. USIINGIE. Herufi zilichuruzika kidogo. Hakujua idadi ya lita, na hakutaka kubuni.

Mlinzi alikuja, akasoma, akarudi kibandani. Lori la thelathini na tatu lilikuwa la tindikali, la thelathini na nne mafuta machafu ya mitambo. Kwenye spika za lango sauti ya Rweyongeza ilimtaka aache. Baadaye ilimtaka kwa jina lake lote. Foleni ikarefuka ndani ya uzio, na wasindikizaji wakaanza kushuka mmoja mmoja, wakamshikia kopo, wakamsomea daftari.

Chande alikuwa nyuma yake, akitazama brashi inavyokwenda.

"Andika kubwa zaidi, dada," alisema. "Kule wengi macho yamekwisha haribika."

Sikudhani alifuta neno kwa kiganja, akaanza tena, kubwa zaidi.