Salamu za Wamalwa kwa Wanaanga

Kila asubuhi Wamalwa aliisalimia Kitengela nzima kabla ya kufika shuleni. Mama wa mboga, fundi wa viatu, hata mchungaji aliyevusha ng'ombe barabarani aliitiwa "Supa!", salamu ya Kimaasai, na kuulizwa habari za boma. Kwao alifunzwa kwamba kuwapita watu bila salamu ni utovu wa adabu.

Mwaka huo wa 2006 darasa lao lilipata bahati kubwa. Lingezungumza kwa redio na wanaanga wawili, Mrusi na Mmarekani, walioishi pamoja katika kituo cha angani. Kituo kingepita juu ya Kitengela kwa dakika chache tu. Nzula, msichana mpole, angeuliza swali la mwisho. Alikuwa amelirudiarudia hata akichota maji.

"Ukibonyeza kitufe hiki, unasikika. Ukikiachilia, ndipo unawasikia," Mwalimu Jacinta aliwaonya. "Uliza, uachilie. Sawa?"

"Sawa, mwalimu."

Zamu ya Wamalwa ilipofika, alibonyeza kitufe akanyoosha mgongo. Kwa Kiingereza chake cha shuleni akaanza, "Hamjambo huko juu? Mimi naitwa Wamalwa. Nawasalimu katika jina la Bwana. Wazazi wangu pia wanawasalimu, na kwaya yetu, na nyanya yangu..."

"Wamalwa, achilia!"

Akaachilia. Sauti ya Mmarekani ilikuja ikikwaruza. "Asante sana! Swali lako?"

Kituo kilikuwa kinaanza kuzama upeoni. Ulikuwa umebaki wakati wa swali moja tu. Wamalwa alimtazama Nzula, akaona machozi yakimlengalenga. Yeye mwenyewe alitamani sana kuuliza lake, na kuliacha kulimuuma. Akamsukumia Nzula kipaza sauti.

"Uliza wewe. Haraka!"

"Mnatoka nchi tofauti," Nzula akasema. "Mkikosana, mnafanya nini?"

Mrusi alicheka. "Huku ukinuna huna mlango wa kutokea. Aliyekosa husema amekosa, kisha tunakula pamoja."

Redio ikabaki ikivuma. Darasa lilishangilia, lakini Wamalwa aliinamisha kichwa.

"Nzula, nimekosa. Karibu nikumalizie wakati."

"Na lako hukuuliza," Nzula alimjibu, akitabasamu. "Basi leo githeri tunakula sahani moja."

Mwalimu Jacinta aliwasikia. "Salamu ni adabu, Wamalwa, usiziache," alisema. "Lakini kunyamaza ili mwenzako asikike ni adabu pia. Bila hiyo, watu wa nchi mbili hawawezi kuishi chumba kimoja, huko juu wala hapa chini."