Kikohozi cha Babu Yonasi

Kila alfajiri, kabla mwenye ghala hajaja kufungua, Ferista alikunja maboksi waliyolalia, akafagia baraza, kisha akamwamsha babu Yonasi. Hawakuwa ndugu. Mama yake Ferista alipofariki hapo Tunduma, mzee huyu mbeba mizigo kutoka Igamba ndiye aliyemsogezea nusu ya blanketi lake, na hakuwahi kuivuta irudi upande wake.

Mwaka ule wa korona, kazi za mpakani zilipungua na watu wa barazani wakaongezeka. Walikuwa na desturi yao: afisa yeyote akiuliza, hapa hakuna mgonjwa. Zamani wenzao waliwahi kupakiwa garini wakaenda kuachwa porini, nao hawakusahau.

Maafisa wa ustawi wa jamii walipokuja na gari lenye kipaza sauti, tangazo halikufika mwisho. Watu walikuwa wamekimbia, baraza likabaki tupu. Kesho yake mmoja wao, Restuta, alirudi kwa miguu na ndoo ya maji na sabuni, akaketi kwenye boksi kama wao. Aliwaonyesha namna ya kunawa, akawaomba wasinywe wote kwa kopo moja wala wasilale wakibanana. Anayekohoa na kubanwa kifua awahi hospitali, alisema, na hatafukuzwa mtu.

"Dada, boksi lenyewe tunagombania," alisema Clement, kijana mpakia mizigo. "Hiyo nafasi ya kuachiana utatuletea kwenye ndoo?"

Watu wakacheka. Restuta naye akacheka.

Nyuma ya magunia, babu Yonasi alikuwa ameuma blanketi ili kikohozi kisitoke. Restuta alimgeukia Ferista.

"Mwanangu, kuna anayeumwa hapa?"

"Hakuna, dada."

Alipoondoka, babu alimpapasa Ferista kichwani kumshukuru.

Siku chache baadaye babu hakuweza tena kumaliza sentensi. Ferista aliona midomo yake imebadilika rangi, akatoka mbio kwenda ofisini kwa Restuta, huku Clement akimfokea nyuma kwamba amemuuza mzee wa watu. Gari la wagonjwa lilikuja upesi. Hata hivyo babu hakurudi.

Restuta ndiye aliyeleta habari ya kifo chake. Aliketi karibu na Ferista, akamwambia pia maneno ya daktari: angefikishwa mapema, huenda angepona.

"Kwa hiyo nimemuua?" Ferista aliuliza.

"Hapana. Ugonjwa ndio uliomuua. Lakini ule uongo ulimnyima siku alizozihitaji. Na sisi tuliwajia kwa kelele, tukawapa sababu ya kutuogopa." Alimfuta machozi kwa upindo wa kitenge chake. "Kumpenda mgonjwa si kumficha, mwanangu. Ni kumsemea pale anaposhindwa kujisemea."

Clement alikuwa akisikiliza. Alisogea karibu na Restuta.

"Dada," alisema, "kifua kinanibana tangu juzi."

Walikwenda hospitali pamoja, yeye na wengine wawili. Hakuna aliyetupwa porini. Clement aliporudi amepona, Ferista alimpokea vizuri, akamuuliza kama amekula. Kisha akaenda nyuma ya ghala, akalia peke yake.